Nyumba ya Kubebwa

Nyumba ya marehemu Haji Pallawa ilikuwa bado imesimama juu ya nguzo zake, lakini kwa kujikaza tu. Fundi Sakka alipanda ngazi kwa kuruka vidato viwili ambavyo havikuwepo, akaingia ndani. Huko chini Mustari na mkewe Hasna wakasikia visigino vyake vikigonga sakafu, halafu kimya, halafu matusi.

"Jikoni hakuna sakafu!" fundi akapiga kelele. "Kuna mbao mbili na imani!"

Rahim, kitinda mimba wa marehemu, aliyekuja kutoka Makassar kuuza, alicheka kidogo bila kuinua macho kwenye simu. Alikuwa amesimama mahali pakavu ili asichafue viatu.

"Mbao za zamani hizo, mzee," akamwambia Mustari. "Siku hizi huzipati hata kwa dawa."

"Mchwa wamezipata," alijibu fundi kutoka juu.

Kiwanja kilikuwa kimeshauzwa kwa bwana mmoja wa mabanda ya kuku, naye alitaka ardhi tupu. Huku kwetu, nchi ya Wabugis, hilo si ajabu. Nyumba ya mbao huuzwa kama unavyouza kabati: unanunua, unabeba, unakwenda nayo kwenye kiwanja chako. Kiwanja Hasna alikuwa nacho, kipande alichoachiwa na mama yake ng'ambo ya mfereji wa mpunga. Nyumba ndiyo hakuwa nayo. Yeye na mumewe walikuwa wamerudi kutoka Tawau, kwenye mashamba ya michikichi ya Wamalaysia, baada ya zaidi ya miaka ishirini, na tangu warudi walikuwa wakilala nyuma ya magunia ya mpunga nyumbani kwa mdogo wake.

Hasna naye alipanda. Alipita pembeni ya matundu, akafika kwenye nguzo ya kati, ile tunayoiita kitovu cha nyumba, ambayo ni mali ya mama mwenye nyumba na hakuna mwanamume anayeitia neno. Akaikumbatia. Ilikuwa baridi na nzima. Alikaa hapo mpaka fundi akakohoa.

Wakashuka, na fundi akatoa hukumu yake akiwa amechuchumaa, anachora kwa kijiti kwenye vumbi. Paa lote halifai. Jiko, ngazi, nusu ya kuta, nguzo tatu za pembeni, vyote upya. Matengenezo yatakula kama bei ya nyumba yenyewe, pengine yakaipita.

"Ila mifupa yake mizuri," akasema. "Mifupa hii leo hununui. Shida ni moja. Haifunguliki. Vigingi vimeshaoana na mbao, ukivuta kimoja kinatoka na boriti. Hii ibebwe nzima nzima, kama ilivyo." Akamtazama Mustari. "Watu mnao?"

Mustari akacheka. "Aa, fundi nawe! Watu watakosekana? Si nimezaliwa hapa mimi?"

"Umezaliwa, ndiyo," alisema fundi, akafuta mchoro wake kwa mguu.

Rahim alitaka jibu kabla ya Ijumaa. Kulikuwa na mtu mjini, alisema, anayeitaka kwa ajili ya mbao tu. Ataipasua afanye meza za hoteli.

* * *

Nurbaya, mdogo wake Hasna, si mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu watu wamemsema sana. Ukikaa na wageni miezi mitano hata wewe roho itakupanda. Mwezi wa kwanza alimwita mumewe Kamaruddin achinje bata. Mwezi wa tatu samaki wakaanza kufika upande wa shemeji wakiwa vichwa tu. Mwezi wa tano mtungi wa mchele ukahama jikoni ukaingia chumbani kwa Nurbaya, na Hasna akitaka kupika ilimbidi abishe hodi aombe kibaba.

"Dada, mimi sikufukuzi," Nurbaya alisema jioni ile, anamenya vitunguu. "Ila kununua lile gofu ni wazimu. Hela mliyonayo mnajenga chumba cha matofali, choo ndani, mnastarehe. Nyie ni wawili tu. Nyumba ile yote ya nini?"

"Ridwan atakuja na mkewe na mtoto."

"Atakuja lini?"

Hasna akachukua kitunguu naye akamenya. Ridwan, mwanawe wa pekee, alikuwa amebaki Tawau. Kila akimpigia alimuuliza swali hilohilo, na kila mara mwanawe alimjibu kwa upole, "Nije nilale wapi, mama? Juu ya magunia ya mama mdogo?" Mjukuu alikuwa ameshaanza kutembea na Hasna hajawahi kumshika. Alimjua kwa simu tu, shavu moja na sikio.

"Chumba kimoja cha matofali ni cha kungojea kufa," alisema mwishowe. "Mtu akiwa na nyumba watu wanapanda ngazi. Wanakuja. Wanalala. Mimi nataka watu, Nurbaya. Nimechoka kukaa peke yangu katikati ya watu."

"Basi usinipigie kelele mie, jamani. Mumeo umemuuliza?"

Mustari alikuwa upande wa pili wa magunia, amelala chali, anasikia yote. Alikuwa na jambo lake lililomkaa kooni, na halikuwa mchwa wala bei.

Nyumba huku hubebwa na kijiji. Hutangazwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na wanaume wanakuja, sitini, sabini, wanaweka mabega chini ya mianzi, wanainua. Halipwi mtu. Anakuja kwa sababu wewe ulikuja kwake, au baba yako alikwenda kwa baba yake. Na Mustari hakuwa amekwenda kwa mtu. Tangu alipoondoka na Hasna akiwa kijana, nyumba nyingi zilihamishwa hapa kijijini, na bega lake halikuwa chini ya hata moja. Aliziona kwenye picha za simu, akiwa amekaa kwenye kambi ya vibarua. Alijiona Ijumaa hiyo amesimama chini ya nyumba ya Haji, mianzi imefungwa, chakula kinachemka, na njia haina mtu. Aliogopa. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, aliyewahi kukutana na chatu kwenye michikichi akaendelea na kazi, aliogopa njia tupu.

* * *

Akafanya aliyoyafanya. Asubuhi alikwenda kibanda cha kahawa, akamkuta Beddu.

Beddu ni jirani na ni mwenzake wa utotoni. Walivua kambare pamoja kwenye majaruba, wakapigwa pamoja kwa kukanyaga mpunga wa watu. Kibandani walikuwepo wengine, wanacheza dhumna. Mustari aliagiza kahawa mbili, akasogeza kiti.

"Nataka kununua nyumba ya Haji Pallawa," akasema.

"Tumesikia. Vizuri. Karibu nyumbani, bwana."

"Itabidi ibebwe."

"Itabebwa."

Hapo ndipo angenyamaza. Maneno matatu tu yalibaki, tangaza siku, Beddu, na mambo yangekwisha. Lakini Mustari alitia mkono mfukoni, akatoa noti ya rupia, akaiweka mezani, akaisukuma mbele kwa kidole.

"Laki moja," akasema. "Kila mtu. Waambie na wenzio."

Dhumna zikanyamaza. Beddu aliitazama noti kama mtu anayetazama nzi ndani ya kikombe.

"Ya nini?"

"Ya kubeba."

"Mustari, mimi na wewe tumetahiriwa siku moja."

"Ndiyo maana nimeanza na wewe."

Kibanda kizima kikaangua kicheko, na Mustari, masikini, akadhani wanacheka bei.

"Basi laki na nusu!"

"Umeniona punda?" Beddu aliuliza. Hakupandisha sauti. Alinyanyuka, akalipia kahawa yake mwenyewe, akaondoka na kofia mkononi. Wale wa dhumna nao wakakumbuka kazi zao mmoja mmoja. Mwenye kibanda akaanza kufuta meza ambayo haikuwa chafu.

"Hela siku hizi mbaya?" Mustari akamuuliza.

"Hela haina ubaya, bwana Malaysia," akasema yule. "Hela ni nzuri sana."

* * *

Kabla ya adhuhuri Nurbaya alikuwa nazo habari, na alizileta zikiwa zimeongezwa chumvi. Hasna alimkuta mumewe ananoa panga lisilohitaji kunolewa.

"Umewatukana watu!"

"Nimewatukana nini? Nimewapa hela!"

"Hayo ndiyo matusi yenyewe! Wewe hukulelewa hapa? Mama yako angekusikia angekutemea mate!"

"Mama yangu amekufa, na mimi sikuwepo, na kila mtu hapa ananitazama kwa jicho hilo!" Mustari akalitupa panga. "Ulitaka nikaombe? Nisimame nionyeshe meno, jamani njooni mnibebee, mimi ambaye sikumbebea mtu hata kuku? Na wasipokuja? Nitaificha wapi sura yangu? Kule Tawau mtu unafanya kazi unalipwa, unamlipa mtu anafanya kazi. Mwisho wa mwezi hakuna anayekutazama."

"Huku tuliomba wenyewe tutazamwe. Ndiyo maana tumerudi."

Mustari alikaa chini, akaanza kutoa tope kwenye kucha. Hasna alitaka kumpiga na alitaka kumshika kichwa. Hakufanya lolote, alijitanda khanga akatoka.

Alikwenda kwa Mama Tuo, mke wa mkuu wa kijiji. Mama Tuo anakuna nazi, na anapokuna nazi hasimami kwa ajili ya mtu. Hasna akakaa kwenye kidato cha chini, kama mtoto aliyetumwa.

"Mama Tuo, mume wangu amekosea. Nimekuja kuomba radhi."

"Mumeo ametoa bei nzuri. Mume wangu na mwanangu wa mwisho wangepata laki tatu hapo." Nazi ikaendelea kukwaruza. "Hasna, mama yako alipokufa ulituma hela. Ilifika, nyingi, hatukatai. Lakini tuliomwosha ni sisi. Mimi ndiye niliyemshika kichwa."

Hasna akalia. Alilia vibaya, kwa sauti, kwa pua. "Sikuwa na karatasi, Mama Tuo. Ningetoka kule wasingeniruhusu kuingia tena, na Ridwan alikuwa mdogo. Nilijifungia kwenye choo cha kambi siku tatu nikamlilia huko. Hakuna aliyekuja kunipa pole. Hakuna aliyejua hata kama nina mama."

Mama Tuo akaacha kukuna.

"Najua," alisema. "Sisemi kwa ubaya. Nasema ili ujue kwamba tunajua."

"Basi mtakuja?"

"Nyumba itabebwa. Haji Pallawa aliwasomesha Kurani watoto wa kijiji hiki chote, hakuchukua hata yai. Hatutaiacha nyumba yake ikapasuliwe meza za kunywea bia. Nunua. Ijumaa mume wangu atatangaza."

Hasna alimshika mikono, akaibusu yenye machicha hivyohivyo, akarudi anakimbia. Katika maneno yote yale alisikia moja tu, nunua.

"Tunanunua," akamwambia Mustari.

"Tukinunua hatubakiwi na kitu. Paa tu litatumaliza."

"Tutaezeka chumba kimoja kwanza. Ridwan akija atasaidia kingine."

"Na wakikataa kuja?"

"Nitahamia palepale ilipo. Yule wa kuku aje na msumeno anikute ndani."

Mustari aliinua macho. Hakuwa amemwona mkewe hivyo tangu walipopanda meli ya kwenda Tawau. "Haya," akasema. "Nyumba ni ya mwanamke." Jioni Hasna akampa Rahim fedha mkononi, na Rahim akaondoka na pikipiki ya kukodi bila kugeuka kuitazama nyumba alimozaliwa.

* * *

Walikuja. Wallahi walikuja, msinisingizie kijiji changu. Sala ilipokwisha njia ikajaa. Wazee, vijana, wenye mashati ya sala waliyoyavua wakayafunga kiunoni. Mustari aliyekuwa hajameza kitu tangu asubuhi akavua shati naye akalifunga kiunoni. Hasna na Nurbaya walikuwa ng'ambo ya mfereji kwenye kiwanja, na masufuria: samaki wa mchuzi mchachu, wali wa njano, bata wa pilipili, ndizi za kupondwa zilizofungwa kwenye majani. Walipika wawili tu. Kwa kawaida jiko la siku kama hiyo huwa na wanawake mpaka wanakanyagana, wanachekana waume. Hasna aliliona hilo, akajiambia labda wamechelewa.

Mkuu wa kijiji alipiga ngoma. "Bismillahi, moja! Mbili!" Nyumba ikalia mbao zake zote, ikanyanyuka kutoka kwenye mawe, ikaanza kutembea. Ni kitu cha kutazama hicho, hata ukikiona mara mia. Ilipita kwenye majaruba yaliyovunwa, ikayumba, watu wakapiga kelele, ikakaa sawa. Kwenye mfereji walikuwa wametandika magogo ya minazi, na waliokuwa chini waliingia maji ya kiuno bila kupunguza mwendo.

Mustari alitafuta nafasi. Alikwenda mwanzi wa kwanza, umejaa. Wa pili, umejaa. Kwenye wa tatu alijisukuma akaweka bega, na kijana mmoja akamwambia kwa adabu kabisa, "Mzee, wewe pumzika. Ni nyumba yako." Akatoka. Akaifuata nyumba yake kwa nyuma, mikono imening'inia, kama mtu anayefuata jeneza la mtu asiyemjua.

Ilipotua kwenye mawe mapya Hasna alipiga vigelegele peke yake. Wanaume wakashuka mferejini, wakanawa uso na mikono. Mikeka ilikuwa imetandikwa, sahani zimepangwa, mvuke unapanda.

"Karibuni! Karibuni jamani, chakula tayari!"

"Ahsante, shemeji, tumeshashiba," alisema wa kwanza, akavaa shati lake.

"Nina bata hawajala nyumbani," alisema wa pili.

"Siku nyingine, dada. Hongera ya nyumba."

Wakaondoka. Hakuna aliyekunja uso, na hilo ndilo lililomuua Hasna. Walikuwa na adabu kama watu wanaopita dukani bila kununua. Huku kwetu ukila chakula cha nyumba uliyoibeba umeshajifunga na mwenye nyumba, kesho ataitwa kwako na wewe utaitwa kwake, kwenye harusi, kwenye msiba, kwenye homa ya mtoto. Usipokula, umebeba mbao tu. Mama Tuo hakuonekana kabisa. Aliyekaa mkekani alikuwa Fundi Sakka peke yake.

"Mimi ni fundi," alisema kwa aibu, anapakua. "Mimi nalipwa, naweza kula."

Mustari akamkimbilia Beddu, akamshika mkono mbele ya watu. "Beddu, ndugu yangu. Nilikosea. Nisamehe. Kaa ule."

"Hukukosea," alisema Beddu. Macho yake yalikuwa mekundu, labda kwa maji ya mfereji. "Uliuliza bei. Nasi tumekwambia bei yake, bure. Hatudaiani." Akautoa mkono wake taratibu, akaondoka.

Fundi Sakka alikula sahani moja, akaahidi kuja Jumatatu kupima nguzo, naye akaenda. Nurbaya alikusanya mikeka. Alipoondoka alimwachia dada yake mtungi wake wa mchele, uliojaa mpaka shingoni.

Wakabaki wawili. Walipandisha masufuria juu kwa ngazi iliyokosa vidato, wakayapanga sakafuni chini ya paa lenye matundu, na jua la alasiri likawa linaingia vipande vipande juu ya chakula cha watu themanini. Mustari alikaa ameegemea ukuta.

Simu ya Hasna ikalia. Alikuwa Ridwan.

"Mama! Imebebwa?"

"Imebebwa, mwanangu. Tumo ndani."

"Watu walikuja?"

"Wengi. Njia ilijaa."

"Walikula?"

Hasna aliyatazama masufuria. Aliisikia pumzi ya mwanawe, na nyuma yake sauti ya mtoto mdogo inayoimba kitu kisichoeleweka. Wala hakukusudia. Maneno yalitoka yenyewe, kwa kuwa mama hataki mwanawe amuonee huruma.

"Walikula wakamaliza. Tumekwangua masufuria. Mpaka sasa wengine wako hapo chini, hawataki kuondoka."

"Alhamdulillahi!" Ridwan alicheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Moyo wangu umepoa, mama. Nilikuwa nimeshaomba ruhusa kazini. Nilikuwa nakuja Idi hii, mimi na mtoto na mama yake, kwa hofu tu, nawaza mko peke yenu huko. Kama mna watu kiasi hicho, basi hakuna haraka. Nauli nitawatumia mnunue bati. Tutakuja mwaka mwingine, nyumba ikishakwisha. Au unaonaje?"

Mustari alikuwa anamtazama usoni.

"Vizuri, mwanangu," alisema Hasna. "Bati ndilo tunalolihitaji. Paa linavuja."

Akaaga, akaiweka simu chini, akavuta sufuria la wali, akaanza kupakua.

"Anasemaje?" Mustari akauliza.

"Anasema hongera," alisema Hasna, akampa sahani.